Walioitikia Shikamoo

Mimi ni muuzaji, na sioni haya kusema kwamba ni muuzaji mzuri. Nauza sabuni, dawa ya meno ya mitishamba na unga wa lishe, bidhaa za kampuni moja kati ya zile zisizo na duka. Unanunua kwa aliyekuingiza, unawauzia wenzako, na mwenzako akikolea naye anaingia chini yako na kutafuta wa kwake. Kwa hiyo kazi yenyewe si sabuni. Sabuni haina shida, kila mtu anaoga. Kazi ni kupata watu wapya kila mwezi, maana wa zamani huchoka, huhama, huolewa mbali, na wengine huanza tu kukukimbia. Nina jirani hapa mtaani Chemchem ambaye akiniona nimeshika mkoba hujifungia ndani na kuacha sufuria ikichemka uani. Simlaumu, ila maharage yake yakiungua asije kuomba yangu.

Wapo wenzangu wanaoionea aibu kazi hii. Ukiwauliza wanafanya nini, watakuambia "mambo ya afya", kisha wanabadili mazungumzo. Mimi aibu hiyo sina, na nadhani ni kwa sababu nimezaliwa Tabora katika ukoo wa wachuuzi. Mji huu umeishi kwa kutafuta watu. Misafara ya pwani ilifika hapa ikiwa hoi, wapagazi wakalipwa wakageuka makwao, na mwenye mzigo hakuweza kuendelea Ujiji mpaka apate mabega mengine. Bibi yangu alisimuliwa na bibi yake kwamba vijana wa Kinyamwezi walibembelezwa vijijini kama wachumba, na wao wakaringa kweli kweli. Kwa hiyo mtu akinicheka kwamba kazi yangu ni kuwafuata watu, namjibu kwamba hata babu yake alifuatwa.

Katika timu yetu nina sifa moja: siuziwi mbuzi kwenye gunia. Kila anayekuja na njia mpya ya kupata watu huletwa kwangu kwanza niionje. Na wanakuja wengi, maana wapo wajanja waliogundua kwamba kutuuzia sisi njia za kupata wateja kuna faida kuliko kuuza sabuni. Nimeonja vikao vya ukumbini, vyenye soda na kijana wa kupaza sauti. Watu walijaa, wakanywa soda, wakapiga makofi, na soda ilipokwisha wakakumbuka kwamba wana wagonjwa nyumbani. Nimeonja magrupu ya kwenye simu. Moja lilianza kwa ajili ya wateja wetu watarajiwa. Kabla mwezi haujaandama likawa la matangazo ya misiba, na mama mmoja wa Igunga akawa anauzia humo dagaa. Yeye ndiye pekee aliyepata wateja. Nimeonja matangazo ya kulipia mtandaoni. Yalituletea vijana wa mikoa ya mbali wanaoandika kwa herufi kubwa wakiomba nauli ya kuja kusikiliza fursa.

Njia yangu mwenyewe haina mbwembwe. Naenda mnadani na beseni la maji na kipande cha sabuni, naketi, anayetaka kunawa ananawa. Sisemi kitu. Wengi hunawa, hujifuta kwa shati na kwenda zao, na Mungu awabariki. Lakini mmoja atarudi kuuliza kama sabuni hii inatoa harufu ya tumbaku mikononi, maana mkewe amemwambia asimshike mtoto. Huyo ndiye. Nimewafundisha wote walio chini yangu kwamba mtu wa kumfuata ni yule mwenye swali lake mwenyewe, si yule anayetikisa kichwa kwa swali lako.

Basi kiangazi kilichopita kaka yangu mkubwa aliniita nyumbani kwake. Nilimkuta ameketi na binti wa marehemu mdogo wangu, ambaye mimi ndiye niliyemlea tangu mama yake alipofariki, na ambaye sina namna ya kumwita isipokuwa mwanangu. Ni fundi cherehani. Ana fremu yake karibu na soko kuu, na humo ana mashine mbili, moja ya kushonea na moja ya kufunga pindo, alizozipata kwa kushona sare za shule mpaka macho yakawa mekundu. Anauza na sabuni pia, yumo chini yangu kwenye timu. Siku hiyo alikuwa na uso wa mtu anayetaka kusafiri.

Kaka akanieleza. Alikuwa amekuja kijana kutoka Dar es Salaam na mfumo wa kutafuta watu kwa simu. Mfumo huo unauzwa kwa mtu mmoja tu katika kila mkoa, na binti alitaka kuwa mtu huyo. Ili aupate, angeuza mashine zote mbili na kuiachia fremu. Mnunuzi alikuwa ameshakuja, ameshazungusha gurudumu na kulisifu.

"Mimi haya mambo ya simu siyajui," kaka akasema. "Wewe ndiye unayeyajua. Uangalie huo mfumo. Ukisema ni mzuri, auze. Ukisema ni mbovu, asiuze. Neno lako ndilo la mwisho."

Nikamtazama binti. Akasema, "Sawa, mama mkubwa," haraka sana, na akatabasamu. Alikuwa na hakika kwamba nitasema ndiyo. Mimi nilikuwa nawaza ile fremu. Fremu ya pale sokoni ukiitoa mkononi, imekwenda. Wapo watu wanaoisubiri tangu hawajaota mvi.

Kijana wa mfumo alikuja kwangu kesho yake. Nilijiandaa kumchukia, nikashindwa. Alikuwa na adabu, alivua viatu mlangoni, akala michembe ya viazi niliyomwekea na kuomba mingine. Akafungua kompyuta yake akanionyesha. Mfumo unapeleka ujumbe kwenye simu za watu wengi kwa mara moja. Anayekaa kimya anabaki mweupe. Anayejibu anageuka kijani, na kijani, kwa maelezo yake, ni mtu wa moto, ameshaonyesha kiu, kazi yako ni kumpigia tu na kumkaribisha.

"Mama, nimezunguka nao," akasema. "Dar hawajibu, na anayejibu anakutukana. Dodoma afadhali kidogo. Lakini nilipojaribu Tabora, nilidhani mashine imeharibika. Mama, watu wa huku wana njaa ya biashara!"

Nikamwambia mboga huonjwa kwa kijiko cha mpishi, si kwa maelezo ya aliyeilima. Apeleke ujumbe hapo hapo, kwa jina na namba ya binti yangu, mjini na vijijini, tuone. Akabonyeza. Kufikia asubuhi ya pili kompyuta ilikuwa shamba la mpunga. Kijani Nzega, kijani Goweko, kijani mpaka Usinge kule kwenye misitu. Binti yangu alikaa sakafuni akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nami niliingiwa na tamaa, kwa nini niseme uongo. Nilianza kuhesabu ngazi ambazo timu yangu ingepanda.

Lakini nimewabembeleza watu hawa maisha yangu yote. Mtu wa huku akitaka kununua ndoo huigonga, huipindua, huiangalia juani, kisha huenda nyumbani kufikiri. Watu hao hao sasa wanaijibu fursa ya mtu wasiyemjua kabla chai haijapoa? Watu wa Tabora wakikimbia namna hiyo, kuna msiba au kuna moto. Nikamwambia kijana sitaki kuona rangi, nataka kumwona mtu. Nichague mmoja, niende kwake, nikae naye.

Tukampata mzee mmoja wa Goweko. Nilimchagua kwa sababu jibu lake lilikuwa refu kuliko mengine: "Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Sisi wazima, mvua tu ndiyo tunaiombea. Karibuni sana." Binti yangu aliusoma ujumbe ule kwa sauti, akaurudia. "Anatukaribisha, mama mkubwa! Mwenyewe anatukaribisha!"

Hapa lazima nieleze sheria moja ya kazi yetu, maana ndiyo iliyotuponza. Biashara haielezwi kwenye simu. Ukiieleza, mtu anajifanya ameielewa na kukata. Unachotakiwa kufanya ni kumwambia una jambo zuri, mkutane uso kwa uso, basi. Nimewafundisha watu sheria hiyo, na ni sheria nzuri. Kwa hiyo nilimpigia yule mzee, tukajuliana hali kwa kirefu, kisha nikamwambia, "Baba, mimi ni mama yake yule binti aliyekuandikia. Tuna jambo tungependa kuja kuzungumza nawe, mimi na yeye. La kwenye simu haliwezekani."

Mzee akasema, kwa sauti iliyoshuka, "Sawa, mama. Njooni. Tutakuwepo."

Nilimwona ni mtu makini, nikampenda.

Tulifika Goweko asubuhi, jua bado halijawa kali. Binti yangu alikuwa amevaa gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, lenye kiuno kilichokaa na mikono iliyotuna kidogo mabegani, na mkononi ameshika kabrasha la picha za bidhaa. Uwanja wa yule mzee ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio inaonekana. Viti vilikuwa vimepangwa. Mzee alikuwa ameketi, amevaa koti, na pembeni yake mdogo wake, naye ana koti, na mtu wa tatu aliyejitambulisha kuwa mjumbe wa kitongoji. Mama wa nyumba alisimama mlangoni mwa jiko amejifunga kanga kiunoni. Nyuma ya nyumba niliona manyoya ya jogoo.

"Mwangaluka," nikawaamkia, wakaitikia wote kwa pamoja, taratibu, kama watu waliokubaliana jinsi ya kuitikia. Binti akapiga goti akawapa shikamoo mmoja mmoja. Nikajisemea moyoni, mjumbe pia kaja kusikiliza fursa? Basi kijiji kizima kinaingia.

Mzee akakohoa. "Mama," akasema, "tunashukuru mmekuja wenyewe, hamkutuma mtu. Na binti alinisalimia vizuri, nikamwambia mke wangu huyu kalelewa. Sasa sisi si watu wa kukimbia. Kijana wetu yuko Usinge, tumempigia, anasema hakumbuki. Lakini vijana husema hivyo. Kama kuna jambo amelifanya, lisemeni hapa mbele ya mjumbe. Damu yetu hatuitupi."

Nikamtazama yule mama mlangoni. Macho yake yalikuwa yametulia kwenye tumbo la binti yangu, yanapanda, yanashuka, yanapima. Nikageuka nimtazame binti, na hapo nikaona kwamba yeye hakuelewa hata chembe. Alikuwa amejiandaa njia nzima, amekariri maneno yake, na tabasamu alilofundishwa lilikuwa bado liko usoni. Akafungua kabrasha, akainama mbele kidogo, akasema kwa sauti nzuri, "Mzee wangu, je, unaridhika na maisha yako ya sasa?"

Mzee akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akamtazama mjumbe.

"Binti," mzee akasema polepole, "mimi nilikuwa naridhika mpaka juzi."

Nikanyanyuka. Nikasema wazee wangu, naomba radhi, tumefanya kosa, hapa hakuna mimba wala kijana wa Usinge, kijana wenu hatumjui, msameheni, sisi tunauza sabuni. Nikaitoa sabuni kwenye mkoba nikaiinua juu waione. Sijui kwa nini niliiinua. Mama wa nyumba akaanza kucheka. Alicheka akashika mlango, akacheka akakaa chini, akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Nimechinja jogoo!" akapiga kelele. "Jogoo wangu wa mbegu, nimemchinjia sabuni!" Mjumbe naye akacheka, na mdogo wa mzee, na mwisho mzee mwenyewe, ambaye alivua koti na kulitundika kwenye kiti kwa furaha ya mtu aliyeondolewa mzigo kichwani. Binti yangu peke yake hakucheka. Aliona aibu mpaka shingo ikainama, nami nikamwonea huruma, lakini nikacheka pia.

Tulikula yule jogoo. Kwa ugali wa mtama na mlenda, na sikumbuki kuku aliyenishibisha zaidi. Wakati wa kunawa nikamuuliza mzee, "Baba, ule ujumbe uliusoma wote?"

"Niliona shikamoo," akasema. "Huko chini kulikuwa na maneno mengi, na miwani sikuwa nayo. Lakini mtu akikupa shikamoo, utaiacha chini? Nikaitikia. Basi, ndiyo hayo tu."

Nikamwomba binti simu yake, nikausoma ule ujumbe vizuri kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeangalia majibu tu. Ulianza hivi: "Shikamoo. Samahani kwa usumbufu." Ndipo zikafuata fursa, ndoto na uhuru wa kipato. Nikaenda kwenye majibu mengine nikayaona kwa macho mapya. Marahaba. Marahaba mama. Marahaba, wewe ni mtoto wa nani? Wapo na vijana, nina hakika wa bodaboda, walioitikia marahaba kwa furaha ya kuamkiwa na mtu mzima. Hakuna aliyeuliza chochote kuhusu biashara. Watu wote wale wa moto walikuwa watu wenye adabu waliosalimiwa.

Mama wa nyumba alikuwa amemkalia binti yangu karibu wakati huo. "Nilikuwa naangalia tumbo," akamwambia, "nikaishia kuangalia mshono. Hili gauni kashona nani?"

"Mimi," binti akasema bila kumtazama.

"Wewe? Na hapa kiunoni umefanyaje pasivutike?" Binti akamwonyesha. "Na kwa anayenyonyesha, unaweza kufungua huku mbele?" Anaweza. "Na kitenge kikifuliwa kikajikunja?" Binti akaanza kueleza jinsi anavyoloweka kitambaa kwanza kabla ya kukata, na kichwa kikainuka, na mikono ikaanza kusema. Msichana wa nyumba ile alikuwa anaolewa baada ya tumbaku kuuzwa, na wanawake wa ukoo walikuwa bado hawajapata fundi wa sare. Binti hakuwa na futi ya kupimia, kwa kuwa alikuja kwa biashara nyingine. Akaazima kanga, akawapima wanawake wa uwanja ule kwa kanga, akikunja alama kwa vidole. Nilikaa na mzee nikamtazama. Sabuni yangu hakuna aliyeiuliza, na nilipotaka kumwachia mama wa nyumba moja kwa ajili ya jogoo, aliipokea kwa adabu ile ile niliyokuwa nimeshaijua sasa.

Tuliporudi mjini sikukimbilia kutoa hukumu. Nilitaka kila mtu aone. Nikamwita kijana, nikamwambia, "Peleka tena, kwa watu wengine, wa mahali pale pale. Ila ondoa shikamoo. Anza moja kwa moja na fursa yako."

Akasita. "Mama, bila salamu itaonekana kiburi."

"Weka habari za leo. Salamu ni salamu."

Akabonyeza. Tukanywa chai. Tukala karanga. Jua likageuka, kompyuta ikabaki nyeupe. Mtu mmoja tu wa Nzega alijibu, akauliza kama tunanunua ng'ombe.

Kijana aliangalia kioo. Akasema, "Kwetu shikamoo ni neno la kuanzia tu." Sikumcheka. Nilimwambia mfumo wake si mbovu, unafanya kazi sawasawa. Unatafuta watu wenye adabu, na unawapata. Ila adabu si kiu, na mtu akiifuata adabu ya wenzake mpaka majumbani mwao atawamalizia majogoo. Nilimshauri kwamba akitaka mfumo wenye manufaa, auache uwapake rangi wale tu wanaorudisha swali kuhusu bidhaa. Aliandika. Nadhani atafika mbali yule, maana alisikiliza, na vijana wa mifumo kwa kawaida hawasikilizi.

Kwa kaka nilisema neno langu: asiuze. Kaka akasema, "Basi." Mnunuzi wa mashine akaambiwa atafute kwingine.

Siku chache baadaye nilipita kwenye fremu ya binti. Vitenge vya Goweko vilikuwa mezani, rangi ya zambarau na njano, na yeye amesimama na mkasi. Nilikuwa na furaha na nilijipongeza wazi wazi. Nilimwambia aone jinsi nilivyomwokoa, nikamweleza tena kanuni yangu ya mtu mwenye swali lake, kama vile hajawahi kuisikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mkasi.

"Mama mkubwa," akasema, "mimi uliponiingiza kwenye timu yako, niliuliza swali gani?"

Nikaikumbuka ile siku. Alikuwa ananipakulia chakula. Nilimwambia nimeshamwandikisha chini yangu, mzigo wa kwanza utakuja Jumatatu, na yeye akasema sawa, mama mkubwa, akaniongezea mchuzi.

"Hukuuliza," nikasema.

"Na kwa nini unadhani nilitaka huo mfumo? Nilidhani nikiwa na wangu, nitakuwa na sababu ya kutoka kwako bila kukukosea."

"Ungeniambia tu hutaki."

"Umenilea wewe. Ningekukatalia kwa mdomo upi?"

Mimi nina hasira za karibu, muulizeni yule jirani wa maharage. Zilikuja, nikazisikia zikipanda, nikazisubiri. Nje ya fremu watu walikuwa wanapita na mizigo yao. Nikavuta kiti, nikaketi upande wa wateja, nikamsemesha kama ninavyomsemesha mtu mnadani nisiyemjua kabila wala dini.

"Dada," nikasema, "mimi nauza sabuni, dawa ya meno na unga wa lishe. Natafuta mtu wa kuuza pamoja nami. Ukitaka, tutafanya kazi. Usipotaka, nitainuka niende, na kesho nikipita hapa tutasalimiana vizuri tu. Unataka?"

Alikishika kitambaa, akakinyoosha, akakishika tena. Nilijua jibu na bado nilitumaini, sijui ni kwa nini muuzaji hafi moyo.

"Hapana," akasema. Kisha akainua uso. "Hapana, mama. Sitaki. Sijawahi kutaka."

Iliniuma. Bila yeye timu yangu ilikuwa inashuka ngazi, na nilikuwa nimeisotea ngazi ile. Na hata hivyo, nikiwa nimekaa pale nauma midomo, nilijua kwamba ndiyo mara ya kwanza mtoto huyu kuniambia jambo lake mwenyewe tangu nilipomchukua. Nikamwambia nimesikia. Nikatoa simu, nikaliondoa jina lake kwenye timu mbele ya macho yake, nikamwonyesha kwamba limetoka.

Akashukuru. Akauchukua mkasi akaendelea na kazi, na machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kitenge cha watu. Nilitaka kumwambia aache kwanza, asije akakiharibu. Nikaangalia mkono wake. Mkato ulikuwa umenyooka.